Mungu Hatetewi kwa Uongo: Tafakari juu ya Kipindi cha NOVA

Katika sura ya 13 ya kitabu cha Ayubu kuna swali ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Ayubu amepoteza watoto, mali na afya. Rafiki zake wamekuja kumfariji, lakini wamegeuka kuwa mawakili wa Mungu, na ili hoja yao isimame wanamsingizia mgonjwa dhambi ambazo hakuzitenda. Ndipo Ayubu anapowauliza kama kweli wanaona ni sawa kumtetea Mungu kwa maneno ya uongo. Rafiki hao hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa dini, tena wenye maneno mazuri. Hata hivyo, mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao na kumpa Ayubu haki.

Swali hilo limeturudia kwa sababu ya kipindi cha televisheni ambacho hakikutengenezwa na kanisa wala kwa ajili ya kanisa. Kinaitwa NOVA, nacho ni kipindi cha sayansi cha televisheni ya umma ya Marekani. Matoleo yake mengi yapo kwenye intaneti, kwa hiyo kijana wa usharika wowote mwenye simu anaweza kuyatazama. Wapo wazazi wanaoviogopa vipindi vya namna hii, kwa kuwa wamesikia kwamba vinafundisha watu kumwacha Mungu. Katika makala hii tunataka kukipima kipindi hiki kwa haki: kina wema gani, kina upungufu gani, na kinatudai nini sisi tunaolikiri jina la Kristo.

Kwanza tukijue chenyewe. NOVA ilianza kurushwa tarehe 3 Machi 1974 na kituo cha WGBH cha mjini Boston, kupitia mtandao wa PBS. Mwanzilishi wake, Michael Ambrosino, alikuwa amekaa kwa muda London katika shirika la BBC, akavutiwa na kipindi chao cha Horizon kilichoanza mwaka 1964, akatamani nchi yake nayo iwe na kipindi cha jinsi hiyo. Zaidi ya miaka 50 imepita na kazi bado inaendelea. Kwa kawaida toleo moja huchukua kama saa nzima na hushika jambo moja: ugonjwa, tetemeko la ardhi, nyota, mifupa ya kale. Televisheni ya umma haiishi kwa matangazo ya biashara kama vituo vingine. Kwa sehemu kubwa imeishi kwa michango ya watazamaji, wafadhili na fedha za umma, na hiyo imeipa nafasi ya kukaa na swali moja kwa utulivu.

Jambo la kusifu kwanza ni namna kipindi hiki kinavyouliza. Toleo zuri la NOVA halianzi na jibu. Mtaalamu anaeleza alichodhani, alivyopima, alichokikuta, na mara nyingine anakiri kwamba alichodhani sicho. Mtazamaji haambiwi aamini kwa sababu profesa amesema. Anaonyeshwa jiwe, anaonyeshwa kipimo, kisha anaachiwa afikiri. Kwetu Walutheri hilo si jambo geni. Matengenezo ya Kanisa yalianzia kwa mwalimu wa chuo kikuu aliyetaka mafundisho yapimwe kwenye chanzo chake, na mwaka 1524 mwalimu huyo huyo aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule kwa ajili ya wavulana na wasichana. Kanisa lililozaliwa hivyo halina sababu ya kumwogopa mtu anayepima.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1983 NOVA ilionyesha toleo lililoitwa The Miracle of Life. Picha zake zilipigwa na Lennart Nilsson wa Sweden, aliyejulikana kwa kupiga picha za yale yanayotendeka ndani ya mwili wa mwanadamu. Mtazamaji anaziona mbegu za mwanamume zikisafiri, analiona yai, anaona seli moja ikigawanyika kuwa mbili na mbili kuwa nne, anaona mimba ikikua mpaka mtoto anapozaliwa. Maelezo yanahusu kazi za mwili; hayahubiri.

Je, toleo lile lilimpokonya Mungu kazi yake? Zaburi ya 139 inamsifu Mungu kwa kumuumba mwanadamu tangu tumboni mwa mama. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza Kifungu cha Kwanza cha Imani haendi mbali kwenye nyota. Anamfundisha kila mmoja kukiri kwamba yeye mwenyewe, na macho yake, masikio yake na akili yake, ni kazi ya Mungu. Wala hakusema hivyo kwa kutojua watoto wanatoka wapi, maana alikuwa baba wa watoto sita. Mama wa usharika wetu anayekwenda kliniki na kuona mtoto wake kwenye picha ya ultrasaundi harudi nyumbani akisema Mungu hayumo tena. Anashukuru, na siku ikifika anamleta mtoto kwenye ubatizo. Anajua kwamba miezi tisa ya seli kugawanyika na mkono wa Muumba havigombanii nafasi moja.

Basi, ikiwa tunakubali bila wasiwasi kwamba Mungu humuumba mtoto kwa njia ndefu inayoweza kuchunguzwa kwa darubini, kwa nini tuingiwe na hofu tukisikia kwamba huenda aliwaumba viumbe wote kwa njia ndefu inayoweza kuchunguzwa kwenye miamba? Hatusemi hili ili kufunga mjadala wa namna ya kusoma sura za kwanza za Mwanzo. Wapo Wakristo wanyofu wanaotofautiana hapo, na kanisa haliwafukuzi. Tunasema tu kwamba kuieleza njia hakumfuti mwenye njia.

Hapo ndipo linapoingia toleo tunalotaka kulitazama kwa kirefu. Lilionyeshwa tarehe 13 Novemba 2007 kwa muda wa saa mbili, nalo linaitwa Judgment Day: Intelligent Design on Trial. Kwa Kiswahili tungeweza kuliita Siku ya Hukumu.

Kisa chenyewe kilitokea Dover, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Mwezi Oktoba 2004 bodi ya shule iliamua kwamba wanafunzi wa biolojia wa darasa la tisa wasomewe tamko. Tamko hilo lilisema nadharia ya Darwin ina mapengo, likawaelekeza kwenye kitabu kiitwacho Of Pandas and People, kinachofundisha kwamba viumbe vilisanifiwa na akili fulani. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma. Wazazi 11 wakaenda mahakamani, kwa kuwa katiba ya Marekani haiiruhusu serikali kuweka mafundisho ya dini fulani katika shule za umma. Kesi ilianza kusikilizwa tarehe 26 Septemba 2005 mjini Harrisburg, mbele ya Jaji John E. Jones III, aliyekuwa ameteuliwa na Rais George W. Bush. Tarehe 20 Desemba mwaka huo alitoa hukumu yenye kurasa 139: tamko lile lilivunja katiba.

Kamera hazikuruhusiwa mahakamani. Kwa hiyo NOVA ilichukua kumbukumbu za mahakama, ikawapa waigizaji wayaseme maneno yaliyosemwa, na katikati yake ikaweka mahojiano na wahusika wenyewe. Matokeo yake ni filamu inayomshika mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipata tuzo ya Peabody, na ilistahili.

Wengi hudhani kesi ile ilikuwa vita kati ya waaminio na wasioamini. Filamu inaonyesha vinginevyo. Miongoni mwa waliopinga tamko walikuwamo Wakristo wanaowafundisha watoto Biblia kanisani kwao. Shahidi wao mkuu wa sayansi, Kenneth Miller wa Chuo Kikuu cha Brown, ni Mkatoliki ambaye tayari alikuwa ameandika kitabu akieleza jinsi anavyoshika pamoja imani yake na nadharia ya mageuko. Maelezo yake kuhusu kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wetu, yanaeleweka hata na asiyesoma sayansi. Sokwe na gorila wana jozi 24; binadamu ana jozi 23. Ikiwa tuna asili moja nao, ile jozi iliyopungua imekwenda wapi? Haiwezi kuwa imepotea tu, maana kiumbe asingeishi. Lazima jozi mbili ziliungana kuwa moja, na kama ziliungana, lazima kovu lionekane. Wanasayansi walilitafuta, wakalikuta katika kromosomu namba 2: alama ambazo kwa kawaida hukaa kwenye ncha, hapo zipo katikati. Tunaweza kuendelea kutafakari maana ya jambo hilo. Hatuwezi kusema halipo.

Lakini sehemu inayomwuma zaidi Mkristo haihusu kromosomu. Inahusu kiapo. Shule ilikuwa imepokea nakala 60 za kitabu kile kama zawadi. Walipohojiwa chini ya kiapo kuhusu zilikotoka fedha za kuvinunua, wajumbe wawili wa bodi hawakusema ukweli. Ushahidi ulionyesha kwamba mjumbe mmoja alikusanya fedha hizo kanisani kwake, na hundi ikapitia kwa baba wa yule mwingine. Jaji aliandika waziwazi katika hukumu yake kwamba ni jambo la kushangaza kuona watu waliojivunia imani yao hadharani wakisema uongo ili kuficha nia yao.

Vilevile mahakama iliona rasimu za zamani za kitabu kile. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekataza kufundisha uumbaji wa kibiblia kama sayansi katika shule za umma. Baada ya hapo, katika rasimu, neno lililowataja waamini wa uumbaji lilibadilishwa likawekwa lingine linalosikika kisayansi. Mahali pamoja mhariri hakulifuta vizuri neno la zamani, na likabaki neno la ajabu, nusu la zamani na nusu jipya. Fundisho ni lile lile. Nguo tu ndiyo iliyobadilishwa.

Kwa hesabu ya Kilutheri, katazo la kushuhudia uongo ni Amri ya Nane. Haina nyongeza inayoruhusu uongo ukiwa ni kwa faida ya kanisa. Watu wale wa Dover walitaka watoto wamjue Muumba. Hilo ni tamanio jema, na kila mzazi Mkristo analo. Lakini walilitafuta kwa njia ambayo Muumba mwenyewe ameikataza, na walioumia zaidi ni watoto wale wale, waliojifunza kwamba watu wazima wa kanisani wanaweza kuapa kisha wakadanganya. Hakuna somo la biolojia linaloweza kuiharibu imani ya mtoto kiasi hicho.

Hata hivyo filamu hii nayo ina upungufu. Kwanza, kesi iliyochukua majuma sita imebanwa katika saa mbili. Maneno ya waigizaji ni ya kweli, lakini kuna mtu aliyechagua yapi yasikike, uso gani uonekane yanaposemwa, na muziki gani upigwe. Mtazamaji anaweza kudhani ameketi mahakamani, kumbe ameketi karibu na mhariri. Sisi tunaohubiri tunalijua jambo hili: hata somo la kweli linaweza kusomwa kwa sauti inayolipeleka mahali fulani.

Pili, filamu inaeleza ushahidi vizuri kuliko inavyoieleza hofu. Mzazi wa Dover hakukosa usingizi kwa ajili ya bakteria. Aliogopa kwamba mtoto wake akiambiwa ni mnyama tu, atajiona hana thamani, na siku moja atamwona mlemavu, mzee au maskini hana thamani pia. Hofu hiyo si ujinga, na historia ya karne iliyopita inayo mifano ya watu waliotumia lugha ya sayansi kuwadharau wanadamu wenzao. Filamu inafika kwenye hukumu na kuishia karibu hapo, na mzazi yule anabaki na swali lake mkononi. Hukumu yenyewe ilitambua kwamba nadharia ya mageuko haikani kuwako kwa Muumba. Jambo hilo lilistahili kupewa nafasi ndefu zaidi, kwa sababu kwa watazamaji wengi ndilo jambo lenyewe.

Upungufu wa tatu ni wa vipindi vya sayansi kwa jumla, wala NOVA si mbaya kuliko vingine. Sauti ya msimulizi, iliyotulia na isiyokosea, huweza kutuvusha kutoka kusema kwamba jambo hili limeelezeka hadi kuhisi kwamba hakuna zaidi ya hili. Hatua ya kwanza ni sayansi. Ya pili ni imani, hata kama haijajitaja hivyo. Kijana anapaswa kufundishwa kuusikia mpaka uliopo kati ya hatua hizo mbili.

Nani atamfundisha? Hiyo si kazi ya kituo cha Boston. Ni kazi yetu, na hapa swali la Ayubu linatugeukia. Mara ngapi, mimbarini au kwenye kundi la WhatsApp la usharika, tunasikia kwamba Darwin alitubu kitandani alipokaribia kufa na kukana yote aliyoandika? Darwin alifariki mwaka 1882. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1915 katika gazeti la Kikristo la Marekani, na mwaka 1922 binti yake Henrietta, aliyekuwa naye alipofariki, aliikanusha. Mara ngapi tunasikia kwamba kompyuta za shirika la anga la Marekani zimegundua siku iliyopotea wakati wa Yoshua? Shirika lenyewe limekanusha. Anayezisambaza hadithi hizi hana nia mbaya. Anataka kuimarisha imani. Rafiki za Ayubu nao walitaka hivyo hivyo.

Mwafrika mwenzetu, Askofu Augustino wa Hippo, alilionya kanisa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akieleza Mwanzo. Alisema ni aibu asiyeamini amsikie Mkristo akisema upuuzi kuhusu nyota na viumbe, huku akidai ndivyo yasemavyo Maandiko. Msikilizaji akijua kwamba Mkristo amekosea katika jambo linaloonekana, atamwaminije akimwambia habari za ufufuo?

Kwa Watanzania jambo hili liko karibu kuliko Dover. Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu maarufu mwaka 1959, na Laetoli, ambako nyayo zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu zilifukuliwa mwaka 1978, ziko katika ardhi yetu ya Ngorongoro. Mumewe Mary, Louis Leakey, alizaliwa Kabete nchini Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Watoto wetu wa Kipaimara husoma habari hizi shuleni Jumatatu, na Jumamosi wanakuja kwetu. Wengine watakwenda chuo kikuu kusoma jiolojia au udaktari. Kijana tukimwambia achague kati ya jiwe aliloliona kwa macho yake na Kristo aliyempokea katika ubatizo, siku moja atachagua kweli, na huenda akaondoka kimya kimya bila hata kuja kuaga. Tutakuwa tumempoteza kwa jambo ambalo Kristo hakumdai.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wazazi na walimu wa Kipaimara ni huu: msiwakataze vijana vipindi hivi, kaeni mtazame nao. Kikiisha, waulizeni maswali matatu. Wataalamu hawa wameona nini? Kutokana na walichoona, wamehitimisha nini? Na ni wapi walipokwenda mbele kuliko walichoona? Kisha muwe na ujasiri wa kuyauliza maswali hayo hayo kuhusu shuhuda zinazotolewa kanisani na ujumbe unaoingia katika simu zenu, kabla ya kuusambaza kwa wengine.

Bwana wetu Yesu Kristo alijitambulisha kuwa ndiye Kweli, na mbele ya Pilato alishuhudia kweli bila kuipunguza ili ajiokoe. Yeye hahitaji tumsaidie kwa habari za kubuni. Anatuomba tuwe mashahidi wake, na kazi ya shahidi ni kusema alichokiona na alichopokea, na kunyamaza pale asipojua.